Kamshafti ya Mbio kwenye Gari la Maiti

Mafundi wangu, nimewaachia spana zote, jeki zote, hata ile nyundo yangu ya shaba ambayo mmoja wenu ameshaanza kuvunjia karanga. Mfuniko wa sufuria nimeondoka nao. Msiutafute. Uko jikoni kwangu, na juzi umefunika wali kwa mara ya kwanza tangu wengi wenu hamjazaliwa. Wali ulinukia oili kidogo. Tulikula.

Mjukuu wangu Nekesa, ambaye sasa ndiye mkubwa wa gereji yetu hapa Busia, barabara ya kwenda Tororo, na ambaye ana mikono mizuri kuliko fundi yeyote hapa mpakani (nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nilimfunga nepi), aliniambia: "Kukhu, andika. Ukifa na hayo mambo kichwani tutafanyaje?" Kukhu ni bibi kwa Kisamia, na hivyo ndivyo wajukuu wa siku hizi wanavyobembeleza. Sawa, naandika. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikikosea herufi mnyamaze. Ninyi mlikuwa mnakosea nati na mimi nilikuwa nawaeleza kwa upole. Haya, si kwa upole.

Gereji nilifika kwa hasira. Nilikuwa nafua nguo za watu, na nguo mbaya kuliko zote duniani zilikuwa ovaroli za Mzee Ochwo, fundi wa injini kutoka Mulanda. Maji ya ovaroli zake yaliua nyasi. Siku moja nilizibeba mbichi, zinachuruzika, nikazimwaga mbele yake.

"Wewe mzee," nikamwambia, "unafanya kazi na hizi nguo ama unazilalia na nguruwe?"

Hakuinua kichwa. Alikuwa ameinama ndani ya lori, matako yanaangalia barabara. "Kama wewe nachukia oili hivyo," akasema kwa Kiswahili chake cha Mulanda, "ingia hapa, osha pale yenye inatoka."

Nilidhani ananitania. Akanipa beseni la dizeli, brashi na rundo la vyuma. Niliviosha mpaka vikang'aa kama vijiko vya harusi. Jioni akachukua kimoja, akakigeuza, akauliza, "Hiki ni nini?" Nikamjibu sijui, lakini kina nundu moja limeisha na mengine ni mazima. Mzee akakaa chini. Kile chuma kilikuwa kamshafti, na wanaume wawili waliokuwa na ovaroli zao safi walikuwa wamelala na ile injini juma zima bila kuona lile nundu. Kesho yake niliacha kufua. Ovaroli zake akaanza kufua mke wake, Mama Athieno, na kwa hilo hajanisamehe mpaka leo.

Kwa mgeni anayesoma haya, labda mke wa mteja anayengoja gari: kamshafti ni fimbo ya chuma yenye manundu. Inazunguka juu ya injini, na kila nundu linasukuma valvu ifunguke. Moja inaingiza hewa na petroli, nyingine inatoa moshi. Chini kuna krenkishafti inayopandisha na kushusha pistoni. Cheni inaziunganisha, ili valvu ifunguke pistoni inapoitaka, si wakati mwingine. Mke anapakua mume akiwa mezani. Akipakua mume yuko bado njiani, chakula kinapoa. Akipakua mume ameshaondoka, kuna maneno. Hiyo ndiyo taiming. Vitabu vyote mlivyonavyo kwenye simu havisemi zaidi ya hapo.

Mzee Ochwo hakuamini alama. Mnajua kwamba gia ya kamshafti ina alama na injini ina alama, na ukizikutanisha umemaliza. Ndivyo mnavyofundishwa. Mzee alikuwa anasema, "Hii alama ilipigwa na mtu. Mtu nakunywa pombe." Kwa hiyo alipima, na mimi alinifundisha kupima.

Hakukuwa na vifaa. Alihitaji duara lenye digrii, akaniambia nilete kitu cha mviringo, cha bati, kisichopinda. Nikaleta mfuniko wa sufuria yangu kubwa. Akatoboa katikati, akaazima ile plastiki ya hesabu ya mtoto wa jirani, akachora digrii zote kwa msumari kuzunguka ukingo. Mume wangu alikula chakula kilichofunikwa kwa jani la mgomba mpaka Krismasi, na kila mgeni alielezwa kwamba mke wake amepeleka mfuniko kazini.

Siku hiyo hiyo alinilia chakula changu pia. Nilikuwa nimefunga ugali wa muhogo. Akakata donge, akalipaka oili lisigande, akaliweka juu ya pistoni, akafunga hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, na kuzungusha injini kwa mkono taratibu. Alipofungua tena, valvu ilikuwa imeacha shimo kwenye ugali. Akaupasua kwa wembe, akapima unene uliobaki pale chini. Ndiyo nafasi kati ya valvu na pistoni. Ikiwa ndogo mno, siku gari likikimbia vitu hivyo viwili vitabusiana na mteja atalia. "Muhogo ni mzuri," akasema huku akimalizia ugali wangu, "mahindi inapasuka." Nimeitumia njia hiyo miaka yote. Ugali wa mahindi unapasuka kweli.

Miaka ilikwenda, injini zilikuja. Za lori, za mashua kutoka ziwani, za kinu cha unga, za wachungaji wenye magari makubwa na imani ndogo katika kubadilisha oili. Sitazihesabu. Nitawaeleza moja.

Wandera mnamjua. Kwa wale wasiomjua, ni mtoto wa kaka yangu, yuko Lumino, na ana biashara ya misiba: mahema, viti, spika na gari la maiti. Gari hiyo ni van ya petroli, nyeupe, yenye mapazia ya zambarau. Injini yake ilifunguliwa mara ya kwanza na Mzee Ochwo mwenyewe, na ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kwenda kupumzika Mulanda. Aliipenda sana. Kwenye mfuniko wangu alichora mstari mrefu pale ambapo valvu ya hewa ya injini ile inafunguka kabisa, akaniambia, "Hii usisahau."

Wandera alikuwa anabadilisha oili kila akikumbuka, na kumbukumbu yake ni ya kuku. Manundu yakaanza kuisha. Akaja gereji.

"Shangazi, gari haina nguvu. Nataka kamshafti ya mbio. Iko moja huko ng'ambo, upande wa Kenya. Vijana wanasema inatoa moto."

"Gari yako inafanya kazi gani?"

"Inabeba watu."

"Watu gani?"

"Si wale... waliokufa."

"Wana haraka?"

Akacheka lakini hakusikia. Nilimweleza. Kamshafti ya mbio ina manundu manene. Inaacha valvu wazi muda mrefu ili injini ikizunguka kwa kasi ipate hewa ya kutosha. Lakini ikizunguka polepole, hewa inaingia na kutoka tena kupitia mlango ule ule, kwa sababu mlango haujafungwa. Inatetemeka. Inazima. Inataka kukimbizwa. Na kwetu hapa, wote mnajua, gari la maiti likifika njia panda ya kwa marehemu linasimama. Kina mama wanakuja kulipokea kwa nyimbo, na kutoka hapo linawafuata kwa mwendo wa miguu yao mpaka uani. Mwendo wa miguu ya wanawake wanaolia ni mwendo mdogo sana. Kamshafti ya mbio haiujui.

"Shangazi wewe ni wa zamani," akaniambia. Akaenda ng'ambo, kijana mmoja mwenye mchoro wa miale ya moto kwenye mlango wa gereji akamfungia. Gari likarudi linasema bum-babum, bum-babum, kama mtu mwenye kiu ya ugomvi. Watoto walilikimbilia. Wandera alikuwa anapita mbele ya gereji yangu makusudi.

Mazishi ya kwanza yalikuwa huko huko Lumino, na mimi nilikuwepo kwa sababu marehemu alikuwa wa ukoo. Njia panda kina mama wakapokea, wakaimba, wakageuka, wakaanza kutembea. Wandera akaachia klachi. Injini ikazima. Akawasha, ikatetemeka mapazia yote yakacheza, ikazima. Akawasha mara ya tatu na akakanyaga, maana aliona aibu. Gari likaruka. Kina mama wakafikiri ni ishara ya kuongeza mwendo, wakaongeza. Gari likaongeza. Katekista akapandisha kanzu yake mpaka magotini. Mwishowe waimbaji wakatawanyika kwenye mihogo pande zote mbili na van ikapita katikati, bum-babum, ikaingia uani peke yake. Marehemu alifika kwake kabla ya wafiwa. Mjane alikuta mume wake anamngoja.

Habari hiyo ilifika Mulanda kabla ya jua kuzama. Nilipokwenda kumwona Mzee Ochwo, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa wa kitandani, alicheka mpaka Mama Athieno akaja kumpiga mgongo. Halafu akaacha kucheka.

"Nabwire," akasema, "ile injini ni mimi nilifunga. Mimi naenda na ile gari. Si ingine. Lakini si hivyo."

"Wewe huendi popote."

"Wacha uongo, wewe si daktari. Maisha yangu yote wateja walikuwa wananikimbiza. 'Mzee, kesho. Mzee, leo. Mzee, nangoja hapa hapa.' Siku hiyo mimi nataka kwenda polepole. Unasikia? Tengeneza."

Nilimwambia nimesikia. Wandera alileta gari bila hata kubishana, maana tangu Lumino hakuna aliyemwita tena. Nikaifungua. Na injini ikiwa imelala wazi kwenye meza, simu ikaja kwamba Mzee amefariki.

Wanaukoo wa Mzee walitaka kukodi gari lingine kutoka Tororo. Mama Athieno alikataa. "Alisema hilo," akanipigia, "na mimi nimemfulia ovaroli hizo miaka yote bila kuuliza. Hili pia siulizi. Nabwire, gari litakuwa tayari?"

"Litakuwa tayari, Mama."

"Likiruka na mume wangu nitakuua."

Nilivuka mpaka kutafuta kamshafti. Muuza spea ng'ambo, kijana mchangamfu ambaye kila mama kwake ni mathe, akaweka moja kwenye kaunta. "Mathe, hii ni noma. Ukiweka hii, gari inapaa."

"Sitaki ipae. Mpandaji ameshapaa. Nipe ya kawaida."

Akanipa tatu, zote za viwanda vingine, si za kiwanda kilichotengeneza gari lenyewe, maana hizo hazipatikani tena. Hapa sikilizeni vizuri, ninyi mnaonunua kwa kuangalia boksi. Nilikuwa nimekwenda na ile kamshafti ya zamani. Niliipata kwa Wandera imepigwa chini kwenye udongo, inashikilia kamba ya hema. Nundu moja lilikuwa limeisha, mengine yalinitosha kulinganisha. Nikalaza mpya na ya zamani ubavu kwa ubavu. Ya kwanza, manundu yake yalikuwa manene kuliko ya zamani: hapana. Ya pili niliiviringisha juu ya kioo cha kaunta, ikacheza, imepinda: hapana. Ya tatu ililala sawa. Nikapitisha ukucha kwenye manundu, hakuna mkwaruzo. Nikapuliza matundu ya oili kwa mdomo mmoja mmoja, maana kuna nyingine zinatoka kiwandani tundu halijatobolewa mpaka mwisho, na utaijua siku imeng'ang'ania. Kijana akaniangalia ninavyopuliza akasema, "Mathe, unacheza filimbi?" Nikamwambia ndiyo, ya matanga. Nikaichukua hiyo, pamoja na cheni mpya na gia yake, maana meno ya ile ya zamani yalikuwa yamechongoka.

Tulifunga siku ya kuamkia mazishi. Alama ikakutana na alama, sawasawa, kama mkono na glavu. Wandera akapiga makofi. "Zimeingia! Shangazi, funga twende."

Nikachukua mfuniko.

"Shangazi, tafadhali. Watu wameshachinja ng'ombe."

"Ng'ombe hataoza. Lete waya."

Nikaufunga mfuniko kwenye mdomo wa krenkishafti, nikapinda waya uwe mshale. Kwanza unatafuta pistoni ya kwanza iko juu kabisa wapi, na msitafute kwa bisibisi na macho. Pistoni ikifika juu inasinzia kidogo, krenki inazunguka na yenyewe haisogei. Funga bolti ndefu kwenye tundu la plagi, zungusha kwa mkono mpaka pistoni iiguse, soma digrii. Zungusha kinyume mpaka iiguse tena, soma. Katikati ya hizo mbili ndiyo juu kabisa. Toa bolti. Halafu weka ile saa ya kupimia kupanda na kushuka juu ya valvu ya hewa na ufanye vile vile: soma kabla ya kilele, soma baada ya kilele, chukua katikati. Lakini hapo usizungushe kinyume hata kidogo. Cheni italegea na itakudanganya.

Mshale haukusimama kwenye mstari wa Mzee. Ulipita. Si sana, upana wa kidole changu cha mwisho. Nikarudia. Ukapita tena pale pale. Valvu ilikuwa inafunguka kwa kuchelewa. Kamshafti ilikuwa nzuri, alama zilikuwa zimekutana, na taiming ilikuwa mbaya. Tundu la pini kwenye ile gia mpya lilitobolewa pembeni kidogo. Yule aliyetoboa alikuwa, nadhani, wa wale waliosemwa na Mzee.

"Ni kidogo tu," Wandera akasema.

"Ndiyo. Na hicho kidogo kinakula nguvu ya chini, ya mwendo wa polepole. Juu itakimbia vizuri. Wewe unakwenda juu au chini?"

Kuruka jino moja la gia ilikuwa nyingi mno, ingetupeleka mbali upande wa pili. Dawa yake ni pini yenye bega: nusu moja inakaa kwenye kamshafti, nusu nyingine imesogezwa pembeni inakaa kwenye gia. Nikamchorea Wandera kwenye mkono wake kwa kalamu ya bluu, akapanda boda mpaka Tororo kwa fundi wa lez, ile mashine ya kuchonga vyuma, akarudi nayo. Nikaiweka. Kosa likawa mara mbili. Wandera akakaa chini kwenye oili na suti yake ya kazi.

"Tumekwisha," akasema.

"Simama, mjinga. Tumeiweka kinyume."

Nikaigeuza. Nikazungusha, nikasoma, nikarudia. Mshale ukalala juu ya mstari wa Mzee kama umechorwa pamoja nao. Sikulia. Nilipenga kamasi kwenye tambara lenye grisi, na mtu asiseme zaidi ya hapo.

Nikazungusha injini kwa mkono mizunguko kamili, polepole, kusikiliza kama kuna kinachogusa. Ndipo starta. Na kamshafti mpya usiiache ilale papo hapo, inatakiwa kukimbia kidogo ili manundu yazoee na oili ifike juu. Nikaikanyagia uani. "Unamaliza petroli yangu!" Wandera akapiga kelele. Nilipoiachia, ikashuka, ikashuka, ikatulia. Kuku wa jirani akarudi kulala chini yake.

Siku ya mazishi Mulanda, njia panda, kina mama wakaja. Mama Athieno akashika mbele, na nyonga yake mbovu na fimbo yake. Gari lililazimika kufuata nyonga ile. Hatua, kupumzika, hatua. Nilitembea kando ya tairi la mbele, sikio langu kwenye boneti, na sikuwahi kuomba hivyo hata nilipokuwa najifungua.

Halikuruka. Halikutetemeka. Mapazia yalikaa kama yameshonewa hewani.

Karibu na lango padri akainua mkono, wote tukasimama kwa sala. Kimya kikaingia, kimya kabisa. Nikamwona Wandera kwenye usukani anabadilika rangi. Anaangalia dashibodi. Ananiangalia. Hasikii kitu. Midomo yake ikasema, "Imezima!" Nikatikisa kichwa hapana, hapana, lakini mkono wake ulishafika kwenye ufunguo.

KRRRRRRAAAK!

Kuwasha injini ambayo tayari inawaka! Katikati ya Baba Yetu! Ndege waliruka. Padri alishika moyo. Na gereji yetu nzima, mafundi wote wa miaka yote waliokuwa pale, tuliinama kwa pamoja, maana kwa kosa hilo Mzee Ochwo alikuwa anarusha spana bila kuangalia nani yuko mbele.

Mama Athieno akageuka. Akaangalia gari, akaangalia sanduku nyuma ya kioo.

"Wandera," akasema, "una bahati mikono yake imefungwa."

Akaanza kucheka, na akicheka huyo mama hakuna namna ya kubaki nyuma. Kina mama wakachukua wimbo huku wanafuta macho, wa kulia wakilia, wa kucheka wakicheka, na tukaingia uani hivyo, polepole kuliko mazishi yoyote niliyowahi kuona. Waimbaji walifika, padri akafika, watoto wakafika, wazee wenye viti wakafika na kukaa. Mzee Ochwo alifika kwake wa mwisho. Hata mbwa walimtangulia.